Chumba cha Giza cha Pamoja: Istilahi na Matumizi Yake

Katika upigaji picha wa filamu, chumba cha giza ni chumba kilichozibwa kila mwanya wa nuru ili filamu na karatasi za picha, ambazo zimepakwa chumvi za fedha zenye kuathiriwa na mwanga, ziweze kushikwa, kutiwa dawa na kuoshwa bila kuharibika. Jina hili lina ukoo mrefu kuliko upigaji picha wenyewe, kwa kuwa neno kamera, ambalo Kiswahili kimelipokea kama jina la kifaa, ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba, na zamani liliandamana na kivumishi cha giza ambacho baadaye kilidondoshwa. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alichunguza jinsi nuru ya jua lililopatwa inavyopenya tundu dogo na kuchora umbo la jua hilo mahali penye giza, na uchunguzi wa namna hiyo ndio msingi wa kamera zote zilizofuata. Picha ya filamu basi hupita katika vyumba viwili vya giza, kile kidogo kinachobebwa shingoni na kile kikubwa anamoingia fundi mwenyewe, na ni hiki cha pili kinachozungumziwa hapa, hasa pale kinapotumiwa na watu wengi.

Kisarufi, chumba cha giza hakilingani na chumba chenye giza. Chumba chenye giza ni chumba chochote ambacho taa yake imezimika, na hali hiyo huondoka mara taa inapowashwa, ilhali kihusishi cha -a unganifu katika chumba cha giza kinaeleza aina na kusudi, kama ilivyo katika chumba cha kulala au chumba cha mtihani, kwa hiyo chumba hicho hubaki kuwa chumba cha giza hata mchana kikiwa wazi na kinafagiliwa. Wasemaji wa pwani wasemao kiza badala ya giza watakiita chumba cha kiza, na tofauti hiyo ya matamshi haina haja ya kusawazishwa. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba istilahi hii inataja hali ya chumba na kuiacha kazi inayofanyika ndani yake, na kazi hiyo ina jina lake la siku nyingi midomoni mwa wasemaji wa Kiswahili.

Kazi hiyo huitwa kusafisha picha. Mteja wa studio ya Tanga au ya Kisumu aliulizia kama mkanda wake umeshasafishwa, na fundi alimjibu kwa neno hilo hilo bila ya yeyote kati yao kuhitaji maelezo. Waarabu wameijenga istilahi yao, tahmidh, juu ya neno la asidi, na lugha kadhaa za Ulaya zimechagua wazo la kukunjua kitu kilichofichika. Kiswahili kimechagua usafi, yaani picha inayotolewa uchafu unaoifunika mpaka ikaonekana. Uteuzi huo unafaa na hauna sababu ya kubadilishwa, ingawa unabeba mzigo mmoja ambao mwandishi wa istilahi hana budi kuutua: kitenzi kusafisha hutumika kwa hatua mbili zilizo mbali sana, ile ya kuitia mkanda dawa ili zipatikane negativu, yaani picha ambazo penye nuru huonekana peusi, na ile ya kuipitisha nuru ndani ya negativu ili picha itokee kwenye karatasi. Makala hii inauita mchakato wa kwanza kusafisha filamu na wa pili kuchapa picha, kwa sababu bila kuzitenganisha hatua hizo haiwezekani kueleza ni kitu gani hasa wapiga picha wanachoshiriki wanaposhiriki chumba cha giza.

Filamu ya kisasa nyeusi na nyeupe huathiriwa na rangi zote za nuru, kwa hiyo inataka giza totoro, lakini giza hilo linahitajika kwa dakika chache tu, wakati mkanda unapotolewa kwenye kibweta chake na kuzungushiwa gurudumu la tanki lisilopitisha mwanga. Kazi hiyo hufanyika hata ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili ya mpira, na tanki likishafungwa kifuniko yanayobaki hufanyika jikoni taa zikiwaka. Kuchapa ni kazi ya namna nyingine kabisa. Inahitaji mashine ya kukuzia picha, ambayo ni nzito na hupotoshwa na mtikisiko mdogo, inahitaji trei tatu au nne zilizopangwa kwa mfuatano, maji ya bomba, mlango usiovuja nuru, na muda mrefu wa mtu kusimama ndani, maana picha moja iliyochapwa vizuri huweza kutumia jioni nzima na karatasi kadhaa za majaribio. Mpiga picha anaweza kusafisha filamu peke yake katika nyumba ya kupanga, lakini ni wachache wenye nafasi ya mashine ya kukuzia na meza ya trei, na hapo ndipo hoja ya kushiriki inapoanzia.

Ndani ya chumba hicho dawa hufuatana kwa utaratibu usiogeuzwa. Dawa ya kusafishia hugeuza chumvi za fedha zilizopigwa na nuru kuwa punje nyeusi za madini ya fedha. Dawa ya kusimamishia, ambayo kwa kawaida ni asidi asetiki hafifu, ile ile inayoipa siki ukali wake, hukatisha kazi ya dawa ya kwanza. Na dawa ya kukazia huyeyusha chumvi ambazo hazikuguswa na nuru, ili picha isiendelee kuwa nyeusi itakapotolewa nje. Msingi wa dawa hii ya mwisho uligunduliwa na John Herschel wa Uingereza mwaka 1819, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa, alipoona kwamba kampaundi ambayo leo huitwa sodiamu thaiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha. Joto la dawa huwekwa karibu na nyuzi 20 za Selsiasi, na nyuzi chache zikizidi au kupungua muda wa kazi hubadilika. Karatasi nyingi za kuchapia hazisikii nuru nyekundu, na ndiyo maana chumba cha kuchapia huwa na taa nyekundu ambayo chini yake watu wawili au watatu wanaweza kuonana, kusemezana na kufanya kazi bega kwa bega.

Ushirika huo una historia ndefu, na historia yenyewe inaonyesha kwa nini vivumishi vya Kiswahili vitumike kwa uangalifu. Mwaka 1896 vyama viwili vya wapiga picha wa ridhaa mjini New York viliungana na kuwa Camera Club of New York, klabu iliyokuwa na vyumba vya giza kwa ajili ya wanachama wake, akiwamo Alfred Stieglitz na baadaye kijana Paul Strand. Hicho kilikuwa chumba cha giza cha chama: mlango ulifunguliwa kwa uanachama, na uanachama ulikuwa wa watu waliojiweza. Miaka 40 baadaye, katika mji huo huo, ilianzishwa Photo League, jumuiya ya wapiga picha ambao wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi wenye kipato kidogo, na waanzilishi wake walijumuisha Sid Grossman na Sol Libsohn. Kwa ada ndogo mwanachama alipata mafunzo, mahali pa maonyesho, na chumba cha giza ambacho asingeweza kujijengea katika nyumba za kubanana za mitaa yao. Kazi za pamoja, kama mradi wa mtaa wa Harlem ulioongozwa na Aaron Siskind, zilitegemea mahali ambapo picha ya mtu mmoja ilitazamwa na wenzake ikiwa bado mbichi. Desemba 1947 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Tom Clark, aliiweka Photo League katika orodha ya vikundi vilivyodaiwa kuipinga serikali, wanachama wakaanza kuogopa na kujitoa, na mwaka 1951 ikafungwa. Kilichopotea hapo ni zaidi ya chama, kwa kuwa mtu aliyezoea kuchapa mahali hapo alibaki na negativu zake bila meza ya kuzifanyia kazi.

Mfano wa tatu uko San Francisco, ambako tangu mwaka 1940 mji umekuwa na vyumba vya giza vinavyosimamiwa na idara yake ya bustani na burudani, na ambavyo sasa hujulikana kwa jina la Harvey Milk, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1978 na ambaye kabla ya siasa alikuwa na duka la kamera katika mtaa wa Castro. Hapo mwenye ufunguo ni mamlaka ya mji, na mkazi yeyote anayelipa ada anaweza kuingia. Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba kivumishi kinachofuata chumba cha giza kinapaswa kujibu swali la nani mwenye ufunguo. Chumba cha umma ni cha serikali au cha mji. Chumba cha chama ni cha wanachama walioandikishwa. Chumba cha jumuiya ni cha watu wa eneo au wa kundi fulani wanaokiendesha wenyewe. Na chumba cha pamoja ni jina pana linaloweza kuvifunika vyote, pamoja na kile cha nyumbani ambacho mwenyewe amewaruhusu wengine kukitumia. Kuviita vyote vya jumuiya, kama tafsiri nyingi za haraka zinavyofanya, ni kumnyima msomaji habari anayoihitaji kabla ya kubisha hodi.

Kiswahili kina maneno mengine mawili ya kufikiriwa. Neno shirika, kwa maana yake ya zamani ya mali inayomilikiwa na zaidi ya mtu mmoja, lingeleta chumba cha giza cha shirika, lakini matumizi ya leo yamelisogeza neno hilo kwa makampuni na taasisi kiasi kwamba msomaji atadhani chumba ni cha shirika la habari. Neno bia, lenye maana ya kuchangia kitu na kukitumia kwa pamoja, limetumiwa kwa ufanisi na wanaisimu katika istilahi sarufi bia, na chumba cha giza cha bia kingeeleza vizuri kabisa watu wanaochanga fedha za dawa na karatasi, ila kwamba neno hilo kwa masikio mengi ya leo ni kinywaji kwanza. Uamuzi wa kubaki na cha pamoja ni wa kiutendaji, na hauondoi thamani ya neno la bia ambalo lingestahili kurudishwa katika fani nyingine.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, chumba cha giza kilikuwa zaidi cha studio na cha familia. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Na kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za kuunganisha, sura ya mtu ikiwekwa mahali ambapo hakuwahi kusimama, kazi inayodai ustadi wa mikono katika uchapaji. Ujuzi huo ulirithishwa ndani ya nyumba na haukuwa wazi kwa kila mpita njia. Filamu za rangi zilipotawala, na mashine zinazosafisha na kuchapa zenyewe zilipoingia mijini, wapiga picha wa mitaani, kama wale wa kivuko cha Likoni mjini Mombasa katika miaka ya 1990, walipeleka mikanda yao maabara na kurudishiwa picha zilizokamilika, hivyo wengi wao wakawa wapiga picha bila kuwahi kuingia chumba cha giza. Ndiyo sababu neno kusafisha limebaki hai mitaani ilhali chumba chenyewe kimesahaulika, na anayeandika istilahi kwa ajili ya wasomaji hawa hawezi kudhani kwamba wanakijua.

Jambo linalokitofautisha chumba cha pamoja na cha mtu mmoja, mbali na umiliki, ni kwamba kosa la mmoja humwangukia mwingine aliyekuja baadaye. Matone machache ya dawa ya kukazia yakiingia katika dawa ya kusafishia huiharibu, kwa hiyo kila trei huwa na koleo lake lisilohamishwa, na mikono huoshwa kabla ya kugusa karatasi kavu. Dawa ya kukazia iliyochoka haionyeshi dalili kwa macho, na picha iliyokaziwa vibaya hugeuka manjano baada ya miezi au miaka. Kipimo chake ni rahisi: kipande cha filamu ambacho hakijasafishwa hutumbukizwa katika dawa mpya na muda wake wa kuwa angavu huandikwa kwenye chupa; siku ambayo kipande kama hicho kitachukua muda mara mbili ya ule ulioandikwa, dawa hiyo imekwisha. Taa nyekundu nayo hupimwa kwa sarafu. Karatasi iliyokwisha kupewa nuru kidogo sana kwa mashine ya kukuzia huwekwa mezani chini ya taa, sarafu ikalazwa juu yake kwa dakika kadhaa, kisha karatasi ikatiwa dawa; duara la sarafu likionekana, taa si salama, na wote waliochapa chini yake wamekuwa wakipata picha zenye ukungu bila kujua sababu. Dawa ya kukazia iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka ndani yake na haifai kumwagwa ovyo, kwa hiyo chumba chenye watumiaji wengi hukusanya mabaki hayo katika pipa moja na kuyapeleka kwa wanaoweza kuirudisha fedha hiyo.

Chumba cha nyumbani kinachoshirikiwa kinahitaji neno moja zaidi. Mwenye bafu lililozibwa dirisha kwa kitambaa cheusi, na mashine ya kukuzia iliyoletwa kutoka shule au gazeti lililoacha filamu, anaweza kumruhusu mwenzake kwa malipo ya saa, na huko ni kukodisha. Au wanaweza kugawana gharama za dawa na kupeana zamu, na huko ni kushirikiana. Katika hali ya kwanza dawa ni jukumu la mwenye nyumba, katika ya pili ni la wote wawili, na mapatano yanayosema kushirikiana huku yakimaanisha kukodisha ndiyo huzaa ugomvi wa chupa tupu. Kidahizo cha kamusi kinachofaa kingesomeka hivi: chumba cha giza cha pamoja, nomino, mahali palipozibwa nuru na kuwekewa mashine ya kukuzia, trei na maji, ambapo wapiga picha zaidi ya mmoja husafisha filamu na hasa huchapa picha, kwa zamu au kwa wakati mmoja, kwa masharti yanayotaja mmiliki, ada na mwenye wajibu wa dawa.