Nani Afunguliwe Mlango?

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo twazungumza habari za mlango, na yule aruhusiwaye kuupita.

Tuanze kwa jirani. Ng'ambo ya mpaka, huko Migori nchini Kenya, liko boma la kale liitwalo Thimlich Ohinga. Kuta zake ni mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nazo zimedumu karne nyingi. Milango yake ni mifupi na myembamba. Aliyeingia aliinama, na kabla hajainua kichwa, wenyeji walikwisha kumtazama. Kitambulisho kilikuwa sura yake.

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilileta njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za kazi yake, ndani ya kikasha cha chuma kilichotungikwa shingoni. Mzungu hakulazimishwa. Asiyekuwa na kipande aliweza kukamatwa. Watu walikichukia sana. Harry Thuku, mmoja wa waliokipinga, alikamatwa mwaka 1922.

Siku hizi, katika mabenki na maofisi mengi, iko kadi. Mwaka 1973, Charles Walton wa Marekani aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wa kadi ifunguayo mlango bila ufunguo. Kando ya mlango pana chombo kitoacho mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayowaletea sauti yangu. Kadi nyingi hazina betri. Hupata nguvu katika mawimbi hayo, zikataja namba zao. Kompyuta huitafuta namba katika orodha. Ikiwamo, komeo hufunguka, na saa huandikwa. Isipokuwamo, mlango haufunguki.

Basi angalieni: mlango huo haujui sura, wajua namba tu. Ukimwazima mwenzio kadi, naye akaiba, daftari litasema ni wewe uliyeingia. Tena mwenye orodha aweza kukufuta bila kukutazama usoni.

Kwa hiyo ukipewa kadi kazini, uliza: Nani huandika orodha? Nani huisoma? Nikionewa, niende kwa nani? Wavaa kipande walipouliza, walikamatwa. Wewe wajua kusoma sasa; soma masharti kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kipande na kadi vyafanana wapi, na vyatofautiana wapi?
2. Kwa nini si vema kuazimana kadi?