VIDONDA, SEHEMU YA 3: Nani kasema kidonda lazima kikauke?

Juzi tuliishia kwenye tofauti ya jeraha la kawaida na donda ndugu. Kwa aliyekosa: jeraha la kawaida, kama la kisu au la kuanguka na bodaboda, lina ratiba yake. Damu inaganda, panavimba kidogo, nyama mpya inaota, ngozi inafunga. Donda ndugu limekwama njiani. Miezi inapita, liko palepale.

Leo nakuletea historia, maana makosa tunayofanya nyumbani ni ya zamani sana.

Twende miaka ya 1530. Ambroise Paré, mpasuaji kijana wa jeshi la Ufaransa, yuko vitani Turin, Italia. Enzi hizo waliamini risasi inaingiza sumu mwilini, kwa hiyo jeraha lake lilimwagiwa mafuta ya moto yanayochemka. Ndiyo, umesoma vizuri! Siku moja mafuta yakamwishia. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku hakupata usingizi, akijua asubuhi atakuta maiti. Kumbe hao ndio waliolala vizuri, bila uvimbe. Waliochomwa walikuwa na homa na maumivu makali. Paré akaamua hachomi mtu tena.

Sasa jiulize: wewe ukimwagia spiriti kwenye kidonda kibichi mpaka mtoto anapiga yowe, una tofauti gani na yale mafuta?

Turuke hadi 1962. Mtafiti Mwingereza, George Winter, alifanya majaribio kwa nguruwe. Vidonda vingine aliviacha wazi vipate hewa, vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili. Mwaka 1963 watafiti wengine wakaona hivyo hivyo kwa binadamu. Sababu yake ni rahisi: seli za ngozi mpya hutambaa juu ya unyevu. Kukiwa na gaga kavu, inabidi zichimbe njia chini yake.

Ila tuelewane. Unyevu si usaha, wala si kuloweka. Kidonda kinasafishwa kwanza, ndipo kinafunikwa. Na kidole kilichokufa, kikawa cheusi na kikavu, usikiloweshe wala kukikata. Wahi hospitali.

Sasa donda ndugu. Kuanzia 1946, daktari Paul Brand alifanya kazi Vellore, India, na wagonjwa wa ukoma. Watu waliamini nyama yao inaoza yenyewe. Brand akaona tatizo ni ganzi: mgonjwa hasikii maumivu, anatembea juu ya kidonda kutwa nzima. Mguu ukifungwa POP ili kidonda kisikandamizwe, kinapona! Baadaye, akiwa Marekani, fikra hiyo hiyo ikasaidia miguu ya wagonjwa wa kisukari.

Hapo ndipo penye somo lote. Jeraha la kawaida linaomba usilisumbue. Donda ndugu linakutaka uulize: nini kinakuzuia kupona? Sukari? Damu haifiki mguuni? Mgonjwa analalia upande mmoja? Anakanyagia palepale? Au ni saratani? Usipoondoa sababu, hata ukibadilisha bandeji mara tatu kwa siku, unapoteza bandeji tu.

Nilimhudumia mama mmoja aliyekaa miezi minne akikausha kidonda cha unyayo. Asubuhi spiriti, jioni unga wa kapsuli ya rangi mbili. Hakikuwa kinamuuma, akaona kinaendelea vizuri. Tulipopima, sukari ilikuwa juu sana na hakuwahi kujua anaumwa. Mguu uliokolewa, kidole gumba hapana. Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nyumbani nililelewa na maneno yale yale: "Kiache wazi, kikauke."

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa na kidonda ambacho wiki nne zimepita hakionyeshi dalili ya kufunga, acha kukijaribia dawa. Nenda kapime sukari, mwonyeshe mhudumu wa afya hicho kidonda, na vua viatu vyote viwili akague nyayo. Kidonda cha mguuni kisichouma ndicho cha kukiogopa.

Sehemu ya 4: namna ya kusafisha kidonda nyumbani bila kukiunguza.