Kuzama na Kuibuka kwa Liemba

Mke na mume wafufuao gari kuukuu uani kwao hushauriana kila siku. Meli ya Liemba, katika Ziwa Tanganyika, ilifufuliwa na pande mbili zisizoshauriana kamwe.

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko mafundi watatu wa Papenburg, pamoja na Waafrika na Wahindi wengi, waliiunganisha upya kwa ribiti, ikashushwa majini Februari 1915.

Julai 1916 Wajerumani, wakiihama Kigoma, waliamriwa kuizamisha. Mafundi wakatii, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nene, kisha wakaitosa taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, si mbali na Ilagala. Walitumaini kuirudia.

Hawakurudi wao. Mwaka 1924 Waingereza, adui zao wa jana, waliiopoa, wakakuta mitambo ingali yafaa. Na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba.

Basi fundi wa kwanza wa ufufuo ule ni aliyezamisha. Majina ya Rüter, Tellmann na Wendt yatajwa daima. Ya vibarua waliopiga ribiti ni nadra kusikika. Mkono mmoja haulei mwana, wala historia ya mkono mmoja haijakamilika.