Vipele vya mtoto: Maswali ya kujibiwa kabla ya kununua krimu

KATIKA maduka ya dawa ya Kangundo na Tala, kama ilivyo katika miji mingi midogo nchini, si ajabu kumwona mzazi akifunua shati la mwanawe, muuzaji akatupa jicho mara moja, na krimu ikafungwa kabla ya swali hata moja kuulizwa. Pengine krimu hiyo itasaidia. Lakini huenda pia ikafifisha alama ambazo zingemwezesha daktari kujua mtoto anaugua nini.

Ngozi haina njia nyingi za kulalamika. Huvimba, huwasha, hutoa malengelenge, hukauka au hubambuka, na njia hizo chache hutumiwa na maradhi mengi yasiyo na uhusiano wowote baina yao. Anayetafuta chanzo cha vipele kwa kuvitazama tu hukosea kwa urahisi, hata akiwa mtaalamu. Kinachotenganisha maradhi ni historia yake: vipele vilianza lini, vilianzia wapi mwilini, mtoto ana homa au hana, huwashwa saa ngapi, nani mwingine nyumbani anajikuna, na ni jambo gani lililobadilika siku chache kabla.

Lugha nayo huchangia mkanganyiko. "Vipele" ni jina la karibu kila kitu kinachoota juu ya ngozi, ilhali "upele" ni ugonjwa mahususi unaoletwa na kijidudu. Surua, kama kamusi zinavyouita, kwa Wakenya wengi ni ukambi, wala mgeni asidhani kwamba ni maradhi ya Ukambani. Mzazi atamsaidia muuguzi zaidi akieleza anachokiona kuliko akimtajia jina alilopewa na jirani.

Eneo hili lina historia yake katika ufuatiliaji wa aina hiyo. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Machakos, ulioendeshwa na watafiti wa Kenya na Uholanzi, ulichunguza afya ya mama na mtoto huko Matungulu, jirani ya Kangundo, na pia Mbiuni. Watu wapatao 24,000 walihusishwa. Wafanyakazi wa nyanjani walizuru maboma kila baada ya wiki mbili wakiuliza habari za uzazi, vifo na maradhi, ukiwemo ukambi na kifaduro. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na J. K. van Ginneken na A. S. Muller, kikachapishwa mwaka wa 1984. Nguvu ya kazi hiyo ilikuwa katika kurudi na kuuliza tena, jambo ambalo mzazi aweza kulifanya nyumbani kwake kwa kalamu na daftari.

Swali la kwanza ni homa. Vipele vyenye homa huelekeza fikira kwenye maradhi ya kuambukiza, na ukambi ndio wa kuogopwa zaidi. Hauanzi na vipele. Huanza na homa kali, kikohozi, kamasi na macho mekundu. Siku chache baadaye ndipo vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha vikateremka kifuani, tumboni na miguuni. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni huenda usionekane. Afadhali kupitisha kiganja juu ya ngozi na kuusikia ukwaru, au kumtazama mtoto penye mwanga wa mchana unaotoka upande mmoja. Mgonjwa huweza kuambukiza wengine tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baadaye, ndiyo maana ni vyema kumjulisha muuguzi mapema badala ya kumketisha mtoto huyo katikati ya foleni.

Hapo kijitabu cha kliniki huwa na thamani kubwa. Nchini Kenya chanjo ya ukambi hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na dozi ya pili, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2013, akiwa na miezi 18. Tangu 2016 chanjo hiyo imeunganishwa na ya rubela. Mtoto aliyepata dozi zote mbili hana uwezekano mkubwa wa kuugua ukambi, na daktari ataanza kufikiria chanzo kingine. Aliyekosa dozi ya pili, kwa kuwa wazazi wengi huacha kwenda kliniki mtoto akishaanza kutembea, yungali hatarini. Ugonjwa ukithibitishwa, mtoto hupewa vitamini A, kwani ukambi huweza kudhuru macho hata kuyapofusha.

Tetekuwanga hutambulika kwa urahisi zaidi. Vipele vyake hujaa maji, huanza kwa wingi kifuani na mgongoni, na hutokea kwa mafungu, hivi kwamba siku moja utaona vipya, vilivyojaa maji na vilivyokauka vyote pamoja. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini. Tangu Julai 2024, Kenya ilipothibitisha kisa cha kwanza cha mpox huko Taita Taveta, wahudumu wa afya huuliza pia kuhusu tezi zilizovimba na vipele vilivyo kwenye viganja na nyayo.

Pasipo homa, swali lenye faida zaidi ni nani mwingine anajikuna. Upele wa kijidudu huwasha usiku kupita mchana, hukaa baina ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni na sehemu za siri, na kwa watoto wachanga hutokea hata nyayoni. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Basi mzazi anayetafuta chanzo katika chakula cha jana hupoteza wakati. Huenda kidudu kilitoka kwa binamu aliyelala kitanda kimoja na mtoto wakati wa likizo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahaulika mwaka wa 2017. Tiba yake hushindwa kwa sababu moja ya kawaida: hupakwa mtoto mmoja tu. Wote walio nyumbani hutibiwa siku moja, wawashwe wasiwashwe, na nguo pamoja na shuka zikafuliwa kwa maji ya moto. Ni ushauri mgumu mahali ambapo maji hubebwa kwa mitungi, lakini hakuna njia ya mkato. Mwasho huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya vidudu kufa, na hilo si lazima liwe ishara kwamba dawa imeshindwa.

Majira nayo yaulizwe. Baada ya mvua, mtoto aliyelala vizuri huweza kuamka na mstari mwekundu shingoni au shavuni, kana kwamba amechomwa kwa maji ya moto, na kesho yake mstari huo ukatoa malengelenge. Mara nyingi buibui husingiziwa. Mhusika ni mdudu mwembamba asiyefika sentimita moja, mwenye rangi nyeusi na ya machungwa, anayejulikana kama nzi wa Nairobi ingawa kwa hakika ni jamii ya mbawakavu. Haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake na humwagika anapopondwa juu ya ngozi. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilimfanya aenee sana. Dawa ya kwanza ni kutomponda: apulizwe, kisha mahali alipotua paoshwe kwa sabuni na maji. Mtoto akijipangusa jicho kwa mkono wenye sumu hiyo, jicho hufura.

Msimu wa maembe una vipele vyake pia, vinavyozunguka midomo ya watoto wanaolimenya embe kwa meno. Utomvu wa ganda ndio huwachoma, si nyama ya tunda. Ukiwa na shaka, mpe mtoto embe lililomenywa na kuoshwa uone.

Ama kuhusu krimu, zile zenye steroidi kali, kama betamethasoni, hutuliza mwasho wa karibu kila kitu kwa siku chache, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mashilingi yakipakwa krimu hiyo hupoteza umbo lake la duara huku ukungu ukizidi kuenea chini kwa chini. Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa krimu yoyote pekee. Huhitaji dawa ya kumeza. Pumu ya ngozi, inayopenda mikunjo ya viwiko na magoti na hutokea sana katika familia zenye pumu, huhitaji krimu za steroidi wakati mwingine, ila kwa kipimo na muda uliowekwa na mtaalamu.

Dalili zifuatazo hazimpi mzazi nafasi ya kuchunguza. Madoa yasiyofifia yanapokandamizwa kwa ukingo wa glasi angavu, pamoja na homa, huweza kuwa ishara ya maambukizi hatari ya damu. Midomo na macho yanayochubuka baada ya mtoto kuanza dawa mpya ni sababu ya kutafuta daktari mara moja na kuuliza kama dawa hiyo isimamishwe. Uso unaofura huku mtoto akipumua kwa taabu ni dharura. Ngozi inayobambuka kama rangi ya ukuta, na miguu iliyovimba, huashiria utapiamlo.

Anayekwenda hospitali ya Kangundo, au kituo chochote kilicho karibu, achukue kijitabu cha kliniki na kila dawa aliyokwisha kumpa au kumpaka mtoto, hata ile ya miti shamba, ikiwa bado ndani ya chupa au pakiti yake. Mwenye simu avipige vipele picha kila siku tangu vilipoanza, kwani vingine, hasa vya mzio, hutoweka mtoto akiwa bado kwenye foleni.