Fundi wa Redio na Gitaa la Umeme

Kijana afunguapo kitabu cha historia hutazamia kukuta humo habari za wafalme, vita na mikataba. Wala si kosa lake, kwani ndivyo tulivyomzoesha sisi walimu. Lakini ziko pia historia zilizotendeka juu ya meza za mafundi, kwa bisibisi na waya, na baadhi yake zimegeuza maisha ya watu, au niseme masikio ya watu, kuliko vita vingi vilivyopiganwa. Hii nitakayoisimulia ni mojawapo. Ni habari ya mtu aliyetengeneza magitaa yaliyopigwa ulimwenguni kote, naye mwenyewe hakujua kupiga gitaa.

Mtu huyo aliitwa Clarence Leonidas Fender, ila wote walimwita Leo. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, Marekani, baina ya miji ya Anaheim na Fullerton, katika nchi ya mashamba ya michungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto kwa ugonjwa, akawekewa la kioo. Baadaye jamaa yake mmoja, aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari, alimpelekea sanduku la vipuri vikuukuu, na tangu siku hiyo kijana akawa mtumwa wa redio. Hata hivyo shuleni alisomea uhasibu, si ufundi, akaajiriwa kuwa karani wa hesabu. Ilipokuja ile shida kuu ya uchumi ya miaka ya 1930 akapoteza kazi. Basi mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Hapa napenda msomaji atue kidogo. Yeyote aliyewahi kuketi katika kibanda cha fundi wa redio anajua jinsi fundi anavyokitazama kitu. Haulizi kwanza kama ni kizuri. Huuliza kinafunguliwa wapi, kipi kitakachoharibika mapema, na kama kikiharibika chaweza kutolewa peke yake bila kuvunja vingine. Fundi humlaani kimoyomoyo mtengenezaji aliyeunganisha kwa gundi kitu ambacho kingefungwa kwa skrubu. Leo Fender aliishi na fikira hizo miaka mingi kabla hajatengeneza gitaa lake la kwanza la kuuza, nami naamini kwamba bila ya kibanda kile lisingalikuwako gitaa lile.

Wapiga muziki walikuwa miongoni mwa wateja wake, maana walimletea vyombo vyao vya kukuzia sauti vilipoharibika, na malalamiko yao yalikuwa ya aina moja. Gitaa la kawaida ni sanduku tupu la mbao nyembamba. Uzi ukipigwa, sanduku hutikisika na kuitoa sauti. Lakini katika bendi kubwa za dansi, zenye tarumbeta na ngoma, sauti hiyo ilimezwa kabisa. Dawa ya umeme ilikwisha kupatikana. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya. Mkondo huo hupelekwa kwenye chombo cha kukuzia, ukatoka katika spika ukiwa sauti kubwa. Taabu ni kwamba sumaku ya namna hiyo ikitiwa katika gitaa lenye tumbo tupu, sauti kubwa itokayo katika spika hulirudia sanduku na kulitikisa tena, nalo gitaa huanza kuvuma na kulia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Ilitakiwa gitaa lisilo na tumbo. Katika jambo hili twapaswa kusema kweli, kwa kuwa wako wampendao Fender hata wakampa sifa zisizo zake. Hakuwa wa kwanza. Kiwanda cha Rickenbacker, huko huko California, kilianza kuuza gitaa la umeme la namna ya Hawaii mwaka 1932, dogo la chuma lenye umbo la kikaango, hata likaitwa kwa jina hilo. Les Paul, mpigaji hodari, alijitengenezea gitaa kwa gogo la mbao mapema katika miaka ya 1940. Fender naye, pamoja na rafikiye Clayton Kauffman, walichonga ubao mmoja mwaka 1943 kwa nia ya kupimia sumaku tu. Wapigaji wa mji wakauona, wakaupenda, wakawa wanaukodi. Fundi asiye na masikio angalicheka na kuuweka rafuni. Yeye alisikia walichokuwa wakimwambia.

Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mtupu wa unene mmoja, lisilo na mapambo, na shingo yake haikugundishwa kama ilivyokuwa desturi ya maseremala wa magitaa tangu kale. Ilifungwa kwa skrubu 4. Shingo ikipinda, mwenyewe aliifungua kwa bisibisi akafunga nyingine, na siku ile ile akaenda dansini. Wenye viwanda vya zamani walicheka. Wengine walisema chombo hicho ni kafi la mtumbwi, si gitaa. Hawakuwa wakisema uongo kuhusu sura yake. Walichokosa kuona ni kwamba kitu cha namna hiyo chaweza kuundwa na wafanyakazi wa kawaida kwa mashine za kawaida, na kwa wingi.

Aliliita Broadcaster. Mapema mwaka 1951 ikaja telegramu kutoka kampuni ya Gretsch, ikimwarifu kwamba jina hilo ni la ngoma zao. Fender hakwenda mahakamani. Aliagiza jina likatwe katika karatasi za kubandika, ili libaki neno Fender peke yake, na kwa miezi michache magitaa yakatoka kiwandani bila jina. Leo matajiri wayakusanyao hutoa fedha nyingi kuyapata hayo, kwa sababu ya kasoro ile tu. Mambo ya watu wenye mali hayaelezeki. Kisha lilipatikana jina jipya, Telecaster, kwa kuigiza neno televisheni, chombo kilichokuwa ajabu ya siku zile.

Mwaka huo huo wa 1951 alifanya jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko gitaa lenyewe. Mpiga besi wa zamani alibeba fidla kubwa ya kusimama, ndefu kuliko yeye, ambayo haikusikika vizuri ukumbini wala haikuingia garini. Tena shingo yake haikuwa na vyuma vya kuonyesha mahali pa kidole, hivyo ilihitaji miaka ya mazoezi kupata sauti sahihi. Fender alichukua umbo la gitaa, akalirefusha shingo, akalitia nyuzi 4 nene na vyuma vya kugawia sauti. Akaliita Precision Bass, maana yake besi ya usahihi, kwani kidole kikishika nyuma ya chuma sauti haikosei.

Mwanafunzi wa Kenya asidhani kwamba habari hii ni ya Marekani peke yake. Benga, iliyozaliwa miongoni mwa Wajaluo wa Nyanza, ilichukua mdundo wa nyatiti ikautia katika nyuzi za gitaa, na besi ikawa inajibizana na gitaa kama watu wawili wanaobishana njiani. Yeyote aliyesikiliza Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani anaijua besi hiyo. Je, nani angepakia fidla kubwa kama kabati juu ya basi, aende nayo dansini Homa Bay na kurudi usiku?

Mwaka 1954 likatoka gitaa lililo mashuhuri kuliko yote, Stratocaster, likauzwa kwa dola 249.50. Hapo tena sikio la fundi lilifanya kazi. Mpigaji mmoja, Bill Carson, alikuwa amemnung'unikia kwamba kingo za Telecaster zinamchoma mbavuni. Basi ubao ukachongwa nyuma ufuate kifua, na mbele palipolala mkono pakateremshwa. Likatiwa sumaku 3, na daraja la nyuzi likategwa juu ya springi, ili mpigaji akisukuma kijiti sauti itetemeke kama ya mwimbaji. Freddie Tavares, aliyekuwa mpigaji na fundi pia, ndiye aliyechora sehemu kubwa ya umbo lake lenye pembe mbili.

Lakini wapigaji hawakuacha kufundisha. Swichi ya sumaku ilikuwa na vituo 3. Wao wakagundua kwamba ikikwamishwa katikati ya vituo, sumaku mbili hulia pamoja na kutoa sauti nyembamba yenye utamu wa pekee, ambayo hakuna aliyeikusudia. Walikuwa wakiikwamisha kwa njia yoyote waliyoweza. Kiwanda hakikutoa swichi ya vituo 5 ila mwaka 1977.

Hata kufikia wakati huo kiwanda hakikuwa chake tena. Fender alisumbuliwa kwa miaka na ugonjwa usiopona, akaamini kwamba siku zake zimekwisha. Mwezi wa Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Muda si mrefu akapata daktari mwingine, akatibiwa, akapona! Jina lake lilikuwa limekwisha kuwa mali ya watu wengine, wala hakuweza kulitia tena katika gitaa alilolitengeneza.

Wenye mali wapya walikuwa na fedha na mahesabu. Magitaa yaliongezeka, na kwa nje yalikuwa yale yale. Ndiyo aliyopiga Jimi Hendrix, mtu wa mkono wa kushoto aliyegeuza Stratocaster ya mkono wa kulia juu chini, akapiga wimbo wa taifa wa Marekani huko Woodstock mwaka 1969. Lakini wapigaji walianza kunung'unika, na safari hii hapakuwa na fundi wa kuwasikiliza. Tangu mwaka 1971 shingo ya Stratocaster ilifungwa kwa skrubu 3 badala ya 4. Skrubu moja ni senti chache. Watu walilalamika kwamba shingo inacheza, nao wakaanza kuyatafuta magitaa makuukuu ya kabla ya 1965 na kuyalipia zaidi ya mapya. Mwaka 1985 wafanyakazi wakiongozwa na William Schultz waliinunua kampuni kwa dola milioni 12.5, pungufu ya bei iliyolipwa miaka ishirini nyuma, wala kiwanda cha Fullerton hakikuwamo katika mauzo hayo. Shingo ilikuwa imekwisha kurudishiwa skrubu yake ya nne kabla ya mauzo hayo.

Leo Fender hakukaa bure. Alijiunga na kampuni iitwayo Music Man, kisha karibu na mwaka 1980 akaanzisha nyingine, G&L, pamoja na George Fullerton, aliyekuwa mwenzi wake tangu mwaka 1948. Alipatwa na maradhi ya kutetemeka mikono, lakini aliendelea kwenda karakanani, akibadili sumaku hii na daraja lile, akiwauliza wapigaji wasikiapo nini. Alifariki tarehe 21 Machi 1991. Siku moja kabla yake alikuwa kazini, na chumba chake cha kazi kimehifadhiwa na kampuni hiyo kama alivyokiacha.