Bwalo, Ua na Ukumbi: Mahali pa Kusikilizia Bendi

Katika historia ya muziki wetu tumezoea kuwataja waimbaji, mafundi wa ala na watungaji, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo, jambo moja huachwa nyuma kana kwamba halina uzito, nalo ni mahali: chumba, ua, ukumbi au bwalo ambamo bendi ilipiga na watu wakasikiliza. Sisi twashikilia kuwa mahali hapo si chombo kitupu cha kutilia muziki. Ndipo panapoamua nani ataingia na nani atabaki mlangoni, nani atakaa na nani atacheza, ala ipi itasikika na ipi itamezwa, na pengine hata lugha itakayoimbwa.

Tuanze na jumba la mfalme. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka mwaka 1870 hadi 1888, husimuliwa kuwa alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed Ibrahim ili ajifunze kanuni, naye aliporudi akawa akipiga mbele ya Sultani na wageni wake. Ulikuwa muziki wa baraza la wachache. Waliousikia ni walioalikwa, na ulikuwa ukiimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa, na kwa hatua hiyo taarabu ikapata nyumba nyingine isiyokuwa ya mfalme. Lakini mlango ulikuwa bado mwembamba. Aliyeupanua ni mwanamke wa shamba, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuja mjini na kuimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo waliofahamu kila neno. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kutia sauti zao katika santuri. Shaaban Robert hakukosea alipoona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kuandikiwa wasifu.

Kwetu Chwaka, kijiji cha wavuvi upande wa mashariki wa kisiwa, wakubwa wa mjini walikuja zamani kupunga upepo wa bahari, lakini muziki wa kijiji haukuwangojea wao. Ukumbi wetu ulikuwa ua wa harusi. Mchana ua ule ni jiko na mahali pa kulia: masufuria ya pilau, mikeka, masinia, watoto wanaofukuzwa na kurudi. Jioni masinia huondolewa, mikeka husogezwa, na kidumbak huingia. Yafaa tueleze ala zake, kwani vijana wengi wa sekondari hulisikia jina bila kuzijua. Ipo fidla moja. Zipo ngoma mbili ndogo zilizoipa ngoma hii jina lake. Zipo cherewa za kutikiswa na mkwasa wa kugonga. Na lipo sanduku. Hili ni kasha la chai lililogeuzwa, likatiwa fimbo na uzi mmoja. Mpigaji huukaza na kuulegeza uzi kwa kuivuta fimbo, na kasha hutoa sauti nzito iliyo badala ya besi kubwa ya taarabu. Wapigaji huzichukua nyimbo za taarabu zilizokwisha kupendwa mjini, wakaziharakisha, na wanawake wakainuka kucheza. Katika taarabu ya ukumbini msikilizaji hukaa kitini, na akiguswa na beti huinuka polepole kwenda kumtunza mwimbaji. Uani hapana kiti cha kumzuia mtu. Makame Faki, aliyejulikana kwa jina la Sauti ya Zege, aliimba pande zote mbili, katika Culture Musical Club na katika kidumbak, wala hatukupata kumsikia mtu akisema kuwa upande mmoja ulimvunjia heshima katika mwingine.

Desturi hii ya kula na kuimba mahali pamoja ndiyo iliyoingia shuleni na vyuoni bila kufundishwa na mtu. Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1980 twalikumbuka bwalo: saa za mchana lina harufu ya maharage na ugali, Jumamosi usiku meza zimesukumwa ukutani, mabenchi yamepandana, na juu ya sakafu ya saruji vijana wanangojea spika zikorome. Si kwetu tu. Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Leeds, bwalo la wanafunzi lilikuwa ukumbi mashuhuri wa bendi. Tarehe 14 Februari 1970 bendi ya The Who ilipiga humo na kurekodiwa, na mwaka huohuo ikatoka sahani ya santuri yenye jina la mji ule. (Bwalo lililotoa sahani ya namna hiyo lilistahili jina lake.) Sababu za Leeds na za kwetu zafanana: bwalo ni chumba kikubwa kuliko vyote, halina viti vilivyofungwa sakafuni, na usiku halina kazi nyingine.

Lina kasoro zake pia. Kuta tupu na bati huirudisha sauti, ngoma ikavuma na nai ikapotea. Likijaa watu, miili na nguo hunyonya mwangwi na muziki hutulia. Kwa hiyo bwalo limewafaa watu wa dansi kuliko watu wa taarabu. Zama za bendi za mashirika na majeshi, kama Nuta Jazz ya mwaka 1964, Urafiki, Polisi na Mlimani Park iliyoanzishwa 1978, ndizo zilizotufundisha kuwa bendi ni watu kumi au zaidi, wenye tarumbeta, magitaa na jasho, wala si sauti iliyomo redioni.

Mjini Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, kundi lililoanza mwaka 1958 katika harakati za vijana wa Afro-Shirazi likawa Culture Musical Club, na jengo lao la Vuga likawa mahali ambapo mpita njia aliweza kusimama akasikiliza mazoezi. Toka mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limezileta bendi za Afrika katika Ngome Kongwe. Twalifurahia, ingawa mvuvi wa Chwaka akitaka kulihudhuria ana safari ya zaidi ya kilomita thelathini, na usiku kurudi ni kazi.

Uani mambo yamegeuka. Taarabu ya kisasa, iliyopata nguvu toka kuundwa kwa East African Melody mwaka 1992, yaweza kuletwa harusini na kibodi moja na mwimbaji mmoja, kwa gari dogo na gharama ndogo, na hatuwezi kumlaumu baba wa bibi harusi anayehesabu fedha zake. Lakini wapigaji wa sanduku wanapungua, kwa kuwa kazi ile hujifunzwa kwa kukaa karibu na mkono wa mpigaji mwingine. Kisiwa kilipokosa umeme wa kutoka bara toka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kibodi ilihitaji jenereta na mafuta. Sanduku lilihitaji uzi tu na mtu aliyejua kuukaza.