Ngoma Haipendi Lagi

Ukitoka Embu kuelekea Meru, ukishavuka mto Thuci, unaingia Chuka. Ngoma za huku ni ndefu. Mpigaji huibana yake katikati ya mapaja, ikaelekea mbele, halafu anapiga huku anacheza. Wenzake wako karibu, na kila mmoja anajaza pengo la mwingine. Ukiwa peke yako utapiga kelele tu.

Mimi na wenzangu tunaunda ulimwengu pepe, uwanja ambamo msee wa Embu, wa Meru na wa Nairobi, kila mtu na simu yake na iyafoni, watapiga ngoma pamoja. Kabla ya kuandika msimbo wowote niliirudia historia, kwa sababu swali letu lina umri mkubwa: muziki wa pamoja unaenda wapi watu wakinyimwa nafasi ya kukaa pamoja?

Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa kwenye kapu moja la washukiwa. Juni 1953, wanajeshi wa King's African Rifles waliwaua watu takriban ishirini huko Chuka. Kuanzia 1954 familia zilihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na usiku ukawa wa kafyu. Sasa fikiria ngoma, kitu kinachoita watu kutoka ng'ambo ya bonde, katika nchi ambayo kukutana tu kunakutia mashakani.

Baada ya uhuru ngoma ilipewa jukwaa. Tamasha la muziki la Kenya lilikuwako tangu 1927, na Bomas of Kenya ikaanzishwa 1971. Jukwaa liliokoa mengi, tusikatae. Lakini jukwaa lina bei yake: kuna saa, kuna majaji, kuna wageni wamekaa mbele. Uwanjani kila mtu alikuwa na kazi, hata kama ni kuitikia tu. Jukwaani wengi wetu tulibaki na kazi ya kupiga makofi.

Halafu Machi 27, 2020, kafyu ikarudi, safari hii kwa sababu ya korona. Kwaya zikahamia kwenye simu za video, na yeyote aliyejaribu anajua ilivyokuwa: kila mtu anamsubiri mwenzake, wimbo unazidi kuvuta miguu hadi unakufa. Sababu ni ya kifizikia. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mpigaji aliye mita kumi kutoka kwako unamsikia amechelewa kwa takriban milisekunde 29. Hapo ndipo mdundo wa kubadilishana unapoanza kuyumba. Sasa sauti yako ikienda hadi seva ya ng'ambo na kurudi, milisekunde mia zinapita kirahisi. Hiyo ndiyo lagi, na ngoma za Chuka haziivumilii.

Wakubwa wa teknolojia waliikwepa shida hii. Aprili 2020, Travis Scott alitumbuiza ndani ya Fortnite mbele ya watu zaidi ya milioni 12 kwa wakati mmoja. Ilipendeza, lakini hakuna hata mmoja wao aliyepiga chochote. Jukwaa lilelile, ila kubwa zaidi.

Jibu lililonivutia ni la 2005, programu ya NINJAM. Badala ya kupigana na kuchelewa, iliamua kukurefusha: unawasikia wenzako mzunguko mzima baadaye, sawasawa na mdundo. Unapiga ukijibu walichopiga nukta chache zilizopita. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyimbo za kuitikiana, hili si geni. Kiongozi anaita, anamaliza, ndipo kundi linajibu. Kusubiri ni sehemu ya wimbo.

Kwa hiyo uwanja wetu una kanuni tatu. Kwanza, hakuna watazamaji. Ukiingia unapewa sehemu, hata kama ni makofi. Pili, kiongozi anaita, na jibu linafika mzunguko unaofuata. Ile midundo ya kubanana bega kwa bega inabaki kwa walio chumba kimoja. Tatu, ngoma ichorwe ilivyo, ndefu, kati ya mapaja, na iitwe ya Chuka. Si ile djembe ya Afrika Magharibi ambayo gemu nyingi hubandika zikitaka kusema "Afrika".

Kanuni hii ya tatu ndiyo nzito. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inataka jamii iombwe ridhaa kabla ya mali yake kutumiwa. Kuna midundo ya sherehe na kuna ya jando, na si yote ni ya kila sikio. Wazee wakisema huu hapana, hautaingia, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Ngoma hii imeshapangiwa na wengine mara nyingi mno saa na mahali pa kulia. Hatuwezi kuwa kafyu nyingine.